ITS, msimbopau, kloroplasti nzima au jeni 353: usome DNA ipi kupanga jamaa za mimea ya maua?

Swali hili hunifikia mezani likiwa ndani ya vifuko vya chai. Mwanafunzi amerudi kutoka porini, kila jani amelitia kwenye kifuko kitupu cha chai chenye namba ya penseli, na vifuko vyote vimefukiwa kwenye kopo la silika jeli, punje za kukaushia. Ana sampuli arobaini za jenasi moja, bajeti ya tasnifu ya uzamili na miezi sita. Maabara moja imemwambia asome ITS, kipande kifupi cha DNA ya kiini cha seli. Makala aliyoisoma usiku inadai ITS imepitwa na wakati. Rafiki yake aliyeko Ulaya anamwambia siku hizi watu wanatumia jeni 353. "Sasa mwalimu, nisome ipi?"

Wote watatu wanaweza kuwa wamesema kweli, maana kila mmoja alikuwa anafikiria mmea mwingine na swali jingine. Hapa chini nimeweka njia nne ambazo mtu aliyeko Nairobi, Morogoro, Dar au Kampala anaweza kuzifikia kweli, ama kwa mikono yake ama kwa kutuma sampuli. Njia ya tano, kusoma jenomu yote, nimeiacha. Ukiwa na pesa ya kusoma jenomu nzima za mimea arobaini, huhitaji ushauri wangu.

Mambo ya kupima kwanza

La kwanza ni umbali. DNA haibadiliki kwa kasi moja kila mahali. Kipande kinachobadilika polepole hueleza vizuri habari za familia na oda (kundi la familia), lakini ukikiuliza kuhusu spishi mbili za mlima mmoja hakina la kusema. Kinachobadilika haraka hutofautisha ndugu wa karibu, ila ukikipeleka mbali kwenye ukoo herufi zake zinakuwa zimebadilika mara nyingi mno hata huwezi kuzipanga mstari mmoja.

La pili ni upande wa ukoo, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Kloroplasti, ile sehemu ya kijani ya seli yenye DNA yake yenyewe, kwa mimea mingi ya maua hurithiwa kutoka kwa mama peke yake. DNA ya kiini cha seli hutoka kwa wazazi wote wawili. Kusoma kloroplasti ni kama kumuuliza mtu nasaba yake, naye akakutajia mama, mama yake mama, na nyanya wa mama. Nasaba hiyo ni ya kweli kabisa, ila baba hajatajwa hata mara moja.

La tatu ni hali ya jani: bichi, la silika jeli, au la herbaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa, lenye umri wa babu yako. La nne ni mfuko na kompyuta. La tano husahaulika: wenzako wamesoma nini tayari? Mifuatano yako ikikaa peke yake haina kazi. Lazima ikutane na iliyomo GenBank, hazina ya wazi ya mifuatano ya DNA, na mtu hawezi kulinganisha kipande cha ITS na kipande cha kloroplasti.

Njia ya 1: ITS

*Inasoma nini.* Vipande viwili vinavyokaa katikati ya jeni za ribosomu ndani ya kiini cha seli, pamoja na jeni fupi ya 5.8S iliyobanwa katikati yao. Kwa mimea ya maua jumla huwa kama herufi 600 hadi 700. Nakala zake ni mamia au maelfu katika kila seli, ndiyo maana hata DNA kiduchu hutoa mstari mzuri kwenye jeli. Praima zinazotumika zaidi, yaani vipande vifupi vya kuanzishia unakili wa DNA, zilichapishwa mwaka 1990 kwa ajili ya kuvu. Hilo neno kuvu liweke akilini.

*Umbali.* Inafaa sana kati ya spishi na spishi, na kati ya jenasi zilizo jirani. Mfano mzuri uko kwetu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani huko Tanga, alipata ua dogo la zambarau kwenye miamba yenye kivuli ya Usambara. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akaliita *Saintpaulia ionantha*, na likaenea madirishani ulimwengu mzima. Kwa miaka zaidi ya mia moja Saintpaulia ilikuwa jenasi inayojitegemea, kwa sababu ua lake bapa halifanani na maua yenye mrija ya *Streptocarpus*. ITS iliposomwa na kuchapishwa na Möller na Cronk mwaka 1997, Saintpaulia ilijikuta imekaa ndani ya Streptocarpus kabisa, kama mtoto aliyekuwa akidai ana nyumba yake kumbe ana chumba tu kwa wazazi. Mwaka 2015 Saintpaulia ikaingizwa rasmi ndani ya Streptocarpus, na sasa mmea ule ni *Streptocarpus ionanthus*.

Lakini mfano huohuo unaonyesha kikomo. Zile aina nyingi za Usambara, ambazo mtu akizishika mkononi anaona hili jani lina manyoya marefu na lile mafupi yaliyolala, kwa ITS zilikuwa karibu sawa herufi kwa herufi. Ilibidi watafiti watafute kipande kinachokimbia zaidi, nafasi isiyonakiliwa iliyo kati ya jeni za 5S, ndipo vilima vikaanza kutengana. Kwa hiyo ITS ilijibu "huyu ni wa jenasi gani" na ikakwama kwenye "huyu wa kilima hiki na yule wa kilima kile ni spishi moja au mbili". Jenasi ileile, maswali mawili, majibu mawili.

*Upande wa ukoo.* Kwa nadharia, baba na mama. Kwa vitendo, nakala zile maelfu zina tabia ya kusawazishana mpaka zote zifanane. Chotara anaweza kuanza na nakala za baba na za mama, kisha baada ya vizazi vingi zikabaki za upande mmoja tu. Kwenye pamba zenye seti nne za kromosomu hili limeonekana wazi: katika baadhi ya spishi nakala zimeegemea kwa mzazi mmoja, katika nyingine kwa yule mwingine. Kwa mmea usio chotara, raha tupu. Kwa mmea wenye historia ya kuchanganyika, ITS inaweza kukuficha mzazi bila aibu yoyote.

*Jani.* Bichi na la silika halina shida. Sasa lile la kuvu. Niliwahi kusoma ITS ya mti mmoja wa msitu wenye ukungu, mstari kwenye jeli ukang'aa, herufi zikaja safi, nikapiga BLAST, yaani nikazilinganisha na zilizomo GenBank, nikiwa na furaha. Jibu likaja: kuvu. Lilikuwa limekaa ndani ya jani, halionekani kwa macho, na praima zangu zililipenda kuliko zilivyoupenda mti. Wiki mbili zimekwenda. Tangu siku hiyo natumia praima zilizorekebishwa kwa mimea, majani ya msitu mbichi nayafuta vizuri kabla ya kuyakausha, na sifurahii chochote kabla ya BLAST.

*Mfuko na kompyuta.* Ndiyo njia rahisi kuliko zote nne: PCR moja (kukinakili kipande mara nyingi), kukisoma pande mbili kwa njia ya Sanger, inayosoma kipande kimoja kimoja, na kompyuta mpakato ya kawaida inatosha kupanga mifuatano na kuchora mti.

*Wenzako.* Wengi mno. Kwa familia kama Asteraceae, ambako ITS ilianza kutumiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, GenBank imejaa. Ila kuwa na shaka na majina: mfuatano usio na namba ya kielelezo cha herbaria ni uvumi tu.

Njia ya 2: msimbopau, yaani rbcL na matK

*Inasoma nini.* Vipande vya jeni mbili za kloroplasti. rbcL hutengeneza sehemu ya kimeng'enya kinachonasa hewa ya ukaa, na bila hicho jani haliishi, kwa hiyo hubadilika polepole sana. matK hukimbia zaidi. Mwaka 2009 kikundi cha kimataifa kiliyakubali mawili haya kuwa msimbopau wa mimea ya nchi kavu. Watu wengi huongeza trnL-F au nafasi iliyo kati ya trnH na psbA, na hufanya vizuri.

*Umbali.* Nyumbani kwake ni familia na oda. Mwaka 1993 makala yenye waandishi 42 iliweka pamoja mifuatano ya rbcL ya karibu spishi 500, na kutoka hapo ndipo ulipoanza mpangilio wa APG, orodha ya oda na familia za mimea ya maua, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1998 na ambao toleo lake la nne, la 2016, lina oda 64 na familia 416. Haya yamefika mpaka jikoni. Mpapai, mlonge na sukuma wiki vimo katika oda moja. Mbuyu umehamishiwa familia ya bamia na pamba. Mkonge umeingia familia ya asparaga. Kinachonichekesha kila mwaka darasani ni yungiyungi takatifu la Asia, *Nelumbo*: ukiliona bwawani unaapa ni ndugu wa yungiyungi letu la kawaida, lakini DNA inamweka jirani na mgrivilia na makadamia.

Migunga nayo imepangwa upya kwa ushahidi wa namna hii. matK na eneo linaloizunguka vilionyesha kwamba jenasi kubwa ya *Acacia* haikuwa ukoo mmoja. Ile yenye miiba mirefu, iliyonyooka, miwili miwili, kama ya mgunga unaotoa kivuli cha mwavuli mbugani, ikawa *Vachellia*. Ile yenye vijimiiba vilivyopinda kama kucha za paka, inayokushika shati ukipita, ikawa *Senegalia*. Jina *Acacia* wakabaki nalo Waaustralia kwa uamuzi wa mkutano wa wanabotania wa Vienna 2005, uliothibitishwa Melbourne 2011. Sisi huku bado tuna kinyongo kidogo, lakini kinyongo chetu ni cha jina tu. Mgawanyiko wenyewe hata mchunga mbuzi anaujua kwa ngozi yake.

Kwa spishi na spishi, hapana, au tuseme mara nyingi hapana. Katika jaribio lililopitisha msimbopau huo, rbcL na matK kwa pamoja zilitenganisha spishi kwa asilimia 72. Zilizobaki ziliishia kutambulika kwa kundi la ndugu wa jenasi moja. Kwa afisa anayetaka kujua kama gome hili lililosagwa ni la mti uliozuiwa, hiyo inaweza kutosha. Kwa mtu anayetaka kupanga spishi kumi za jenasi iliyochipuka juzi kwenye milima ya Tao la Mashariki, haitoshi.

*Upande wa ukoo.* Mama tu.

*Jani.* rbcL hupatikana karibu popote. matK ina deko: praima zinazokubali familia hii hukataa ile, na kwa jani kuukuu kipande cha herufi 800 huwa kimeshakatika. Mimea inayoishi kwa kunyonya mingine inaweza isiwe na jeni hizi kabisa. *Hydnora*, ile inayochomoza ua la nyama kutoka ardhini na kunyonya mizizi ya migunga, ni wa jamaa ambayo kloroplasti yake imesinyaa: spishi moja ya kusini mwa Afrika imebaki na herufi kama 27,000 tu. Hapo ukihangaika na rbcL unapoteza praima.

*Mfuko na kompyuta.* Kama ITS, mara mbili, kwa kuwa vipande ni viwili.

*Wenzako.* Hakuna njia yenye hazina pana zaidi kwa mimea ya maua yote kwa jumla.

Njia ya 3: kloroplasti nzima

*Inasoma nini.* Badala ya kuvua jeni mojamoja, unakatakata DNA yote ya jani, unasoma vipande vifupi kwa mashine kama za Illumina, lakini kwa uchache. Jenomu ya kiini hutaipata kwa usomaji huo mchache, ila kloroplasti ina nakala nyingi sana kwenye kila seli, kwa hiyo huelea juu kama mafuta kwenye mchuzi. Unaikusanya kwa programu kama GetOrganelle na unapata duara zima la herufi kati ya 120,000 na 160,000, lenye jeni za protini karibu 80. Na kwa kuwa ITS nayo ina nakala nyingi, mara nyingi unaipata kwenye mavuno hayohayo bila malipo ya ziada. Hili ndilo linalonifanya niipende njia hii kuliko sifa yake ya ukubwa.

*Umbali.* Kuanzia familia hadi spishi za karibu, na matawi yake huwa na uthibitisho mkubwa wa takwimu. Hapo ndipo tahadhari inapohitajika. Kloroplasti kwa kawaida haichanganyi jeni za baba na mama, kwa hiyo herufi 150,000 zinasimulia hadithi moja tu, kwa sauti kubwa. Ukiona asilimia 100 kwenye kila tawi, umehakikishiwa nasaba ya kloroplasti. Nasaba ya mmea ni jambo jingine.

*Upande wa ukoo.* Mbuni wa arabika unaeleza jambo hili vizuri kuliko mimi. Arabika ina kromosomu 44. Jamaa zake karibu wote wana 22. Ukisoma kloroplasti yake, inakaa pamoja na *Coffea eugenioides*, mbuni mwembamba wenye punje ndogo unaoota porini kuanzia magharibi mwa Kenya na Uganda hadi Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Ungeishia hapo ungeandika kwamba arabika ni mtoto wa eugenioides, na ungekuwa umetaja mzazi mmoja. Jenomu ya kiini inasema nusu ya pili ni robusta, *Coffea canephora*. Eugenioides ndiye mama, robusta ndiye baba, na arabika ndiye chotara aliyebeba seti kamili za wote wawili. Mkulima wa Kilimanjaro anayejivunia kwamba hana mti hata mmoja wa robusta shambani, nusu ya shamba lake ni robusta kwa damu.

Kuna hali ngumu zaidi. Spishi zinapochavushana mara kwa mara, kloroplasti ya moja inaweza kuingia kwa nyingine na kubaki humo, hata kama umbo la mmea limerudi lilivyokuwa. Mialoni ya Ulaya inajulikana kwa hilo: kloroplasti zake hufuata mahali mti ulipo kuliko spishi yake. Ukiona mti wako wa nasaba unapanga mimea kwa mabonde, kila bonde na kundi lake bila kujali umbo, anza kushuku.

*Jani.* Hapa kuna jambo linalowashangaza wanafunzi. Jani kuukuu la herbaria, ambalo DNA yake imevunjika vipande vya herufi mia moja, mia mbili, linamkatisha tamaa mtu wa Sanger lakini halimsumbui mtu wa njia hii, kwa kuwa yeye angevikata vipande hivyohivyo mwenyewe. Kinachoua ni pombe. Vielelezo vya misitu yenye mvua vilivyolowekwa kwenye spiriti kabla ya kukaushwa hutoa DNA mbovu sana, hata kama jani lina miaka kumi tu. Soma lebo, na ukiweza muulize aliyekusanya.

*Mfuko na kompyuta.* Unalipia maktaba ya vipande, yaani DNA iliyotayarishwa kwa mashine, kwa kila sampuli, na wengi bado hutuma nje ya nchi. Ukituma, vibali vitangulie: COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya, pamoja na masharti ya Itifaki ya Nagoya ya kugawana faida za rasilimali za kijeni, iliyoanza kutumika mwaka 2014. Nimeshaona masanduku yakikaa miezi kwa sababu ya karatasi moja. Kompyuta mpakato ya kawaida itahema. Seva ya chuo ni bora.

*Wenzako.* Wanaongezeka kwa kasi, lakini kwa jenasi nyingi za Afrika utakuta spishi mbili tatu tu.

Njia ya 4: jeni 353

*Inasoma nini.* Jeni 353 za kiini cha seli ambazo kwa kawaida hupatikana kwa nakala moja au chache katika mimea yote ya maua. Seti hii, inayoitwa Angiosperms353, iliandaliwa na timu ya bustani ya Kew na washirika wake. Utaratibu wake ni wa uvuvi hasa. Unatengeneza chambo za RNA zinazofanana na jeni hizo, unaziacha ziogelee kwenye DNA yako, zikishika unazivuta kwa vishanga vya sumaku, na kilichobaki unakimwaga. Sampuli kumi, ishirini, zinaweza kuchanganywa kwenye chambo kimoja kwa sababu kila moja imeshatiwa alama yake.

*Umbali.* Pana kuliko zote. Mwaka 2024 jarida la *Nature* lilichapisha mti wa mimea ya maua uliojengwa kwa jeni hizi, wenye spishi zaidi ya 9,500 kutoka karibu asilimia 60 ya jenasi zote, kazi ya wanasayansi 279. Ndani ya jenasi pia inafanya kazi, kwa kuwa chambo huvuta na mikia iliyo pembeni mwa jeni, ambayo hubadilika haraka zaidi. Kwa ndugu wa karibu mno, wale wa kilima kwa kilima, tofauti zinaweza kuwa haba, na hapo kuna waliotengeneza chambo maalumu za familia zao.

*Upande wa ukoo.* Baba na mama, na faida yake ni wingi wa mashahidi. Kila jeni inachora mti wake. Jeni 200 zikisema A ni ndugu wa B, na 60 zikisema A ni ndugu wa C, una mgogoro unaoweza kuupima na kuutafutia sababu: ni uchotara wa zamani, au ni spishi zilizoachana haraka kabla jeni hazijatulia? Programu kama ASTRAL zimetengenezwa kwa ajili ya kukusanya mashahidi wanaopingana. Shida inakuja kwa mimea yenye seti nyingi za kromosomu: jeni iliyotarajiwa kuwa nakala moja inakuja nakala mbili, nawe usipokuwa mwangalifu unalinganisha nakala ya baba ya mmea huu na nakala ya mama ya mmea ule. HybPiper, programu ya kukusanya jeni hizi, hukupa onyo. Kuamua ufanye nini na onyo hilo ni kazi yako.

*Jani.* Inavumilia uzee kwa namna ya ajabu. Katika mti ule wa 2024 kulikuwa na kielelezo cha *Arenaria globiflora* kilichokusanywa Nepal karibu miaka 200 iliyopita. Kwetu sisi wenye herbaria ya Nairobi, ya Arusha na ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hilo ni jambo kubwa: ushahidi wa spishi ambayo msitu wake umeshakuwa shamba la chai unaweza kuwa kwenye kabati, ukisubiri kipande cha jani kama ukucha. Omba ruhusa ya mhifadhi kwanza. Usichune jani kimya kimya.

*Mfuko na kompyuta.* Ghali kuliko zote kwa kuanzia, kwa kuwa chambo hununuliwa kwa seti. Na muda mrefu wa kazi hii utaupitisha mbele ya skrini nyeusi ukiandika amri, bila darubini. Kama hujawahi kutumia Linux, weka miezi miwili ya kujifunza kwenye ratiba yako, na uiweke kwa ukweli.

*Wenzako.* Data za mradi wa Kew ziko wazi, kwa hiyo jenasi yako inaweza kukuta ndugu zake wakubwa wameshasomwa. Spishi zako za ndani ya jenasi, mara nyingi, wewe ndiye wa kwanza.

Kwa hali yako

Una mmea usiojulikana hata familia yake, hauna ua wala tunda: rbcL kwanza, matK ikikubali. Siku tatu nne za maabara na una jina la familia. Kuendelea na 353 hapo ni kuchinjia kuku kisu cha ng'ombe.

Una jenasi ndogo, hakuna anayeshuku uchotara, majani ni ya silika, na muda ni mfupi: ITS pamoja na kipande kimoja cha kloroplasti kama trnL-F. Jozi hii nimeisimamia mara nyingi. Miti miwili ikikubaliana, andika. Ikipishana, usiiunganishe kwa nguvu kuwa mti mmoja ili ipendeze. Chora yote miwili kando kwa kando, utafute ni mmea gani umehama, urudi kwenye kielelezo chake. Mara nyingine ni chotara. Mara nyingine ni vifuko viwili vya chai vilivyobadilishana namba.

Nusu ya sampuli zako ni za herbaria za zamani: usihangaike na Sanger. Kama bajeti ni ya wastani, njia ya 3 itakupa kloroplasti na ITS kwa mkupuo. Kama kuna mshirika mwenye chambo, nenda 353.

Idadi za kromosomu zinaruka kutoka 22 hadi 44 ndani ya jenasi yako, au umbo linakuonyesha mchanganyiko: kloroplasti peke yake, hata nzima, itakupa upande wa mama na kunyamaza. ITS peke yake inaweza kukudanganya. Hapa jeni nyingi za kiini ni za lazima, na kloroplasti iwepo pia, kwa ajili ya kujua nani alikuwa mama.

Unataka kutenganisha spishi za kilima kwa kilima, kama zile za Usambara: hata 353 inaweza isitoshe. Anza kwa majaribio ya sampuli nane zilizo mbali zaidi kwa umbo, uone kama kuna tofauti zozote, kabla hujatumia pesa ya sampuli arobaini.

Na kama mmea wako ni wa jamaa ya bamia, shubiri au kitu chochote chenye mlenda, yote niliyosema yatasubiri kidogo. Jani likisagwa kwenye CTAB, dawa ya kutolea DNA, linageuka uji unaovutika, pipeti inanyonya kamba badala ya maji, na DNA inatoka imevaa sukari ambayo PCR haiipendi. Chukua jani changa, kiasi kidogo, kiasi kinachokutia wasiwasi kwamba hakitoshi. Lioshe mara mbili tatu kwa bafa yenye sorbitoli kabla ya kuweka CTAB. Mwanafunzi wangu wa vifuko vya chai alikuwa na shubiri. Mpaka nilipomaliza kumweleza haya alikuwa ameshaandika "ITS + trnL-F, jaribio la 8" kwenye kifuniko cha kopo, akaondoka kwenda kutafuta sorbitoli.